Mlango wa Mizigo wa Super VC10: Historia ya Modeli za Ndege za Afrika Mashariki katika Simuleta

Anga la Turiani, mji mdogo wa Wilaya ya Mvomero ulioegemea milima ya Nguru na kupakana na mashamba ya miwa ya Mtibwa, lina historia ya ndege iliyo ndefu kuliko inavyodhaniwa na wengi, kwa kuwa mnamo Agosti 1916, Jenerali Jan Smuts alipowasukuma Wajerumani kupitia Matamondo na Turiani hadi mto Wami, jeshi lake lilikuwa likiungwa mkono na Kikosi cha 26 cha ndege za Uingereza, ambacho askari wake wengi walitoka Afrika Kusini, na ambacho kilitumia BE2c za mbao na kitambaa pamoja na Henri Farman zenye kiunzi cha chuma. Ukichora kwenye ramani mstari ulionyooka kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na mwingine kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza, Turiani huangukia katikati ya mistari hiyo miwili. Ndege nyingi zilizowasafirisha watu wa nchi hii katika pande hizo zimekwisha kukatwa vyuma chakavu, na leo mahali panapowezekana kuziona zikiruka tena ni ndani ya simuleta, yaani programu ya kompyuta inayoiga urukaji wa ndege pamoja na ardhi iliyo chini yake.

Wazo la kuiga urukaji lilitangulia kompyuta, kwani Mmarekani Edwin Link alitengeneza mashine yake ya kuwafunzia marubani mwaka 1929, lakini simuleta ya nyumbani ilianza pale Bruce Artwick alipotoa programu yake ya kwanza kwa kompyuta ya Apple II karibu na mwaka 1980, ikafuatiwa mwaka 1982 na toleo la Microsoft. Ndege ya wakati huo ilikuwa mistari michache tu kwenye kioo. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ya Artwick ilitoa programu ya Flight Shop, iliyomwezesha mtu wa kawaida kuunda ndege yake mwenyewe, na toleo la Microsoft la mwaka 2002 lilipokuja na zana ya bure iitwayo Gmax, kazi iliyokuwa ya makampuni iliingia mikononi mwa watu waliokuwa tayari kuifanya usiku kucha bila malipo. Wakati huohuo X-Plane, iliyoanzishwa na Austin Meyer, ilikuwa ikishika njia nyingine: badala ya kusoma tabia ya ndege kutoka kwenye jedwali, ilikokotoa nguvu za hewa juu ya kila kipande cha bawa, hivyo umbo lililokosewa kwa vipimo lilizaa ndege iliyoruka vibaya.

Modeli huanza kama wavu wa pembetatu na pembenne ndogo zilizounganishwa hadi zikafanya kiwiliwili, mabawa na mkia. Wavu huo ukishakamilika, ngozi yake hukunjuliwa na kulazwa kwenye picha bapa, na ni juu ya picha hiyo mpaka rangi huweka mistari, maandishi, nembo, madirisha na hata madoa ya moshi nyuma ya injini. Kazi ngumu zaidi haimo katika kompyuta bali katika ushahidi, kwa sababu picha iliyopigwa kutoka ubavuni na karibu mno hupinda vipimo, filamu za zamani hufifia na kugeuza rangi, na shirika lilelile liliweza kubadilisha mstari mmoja kati ya matengenezo mawili ya karakana. Mpaka rangi makini kwa hiyo hapaki rangi za shirika kwa jumla. Hupaka ndege moja, yenye herufi zake za usajili, jinsi ilivyokuwa katika mwaka fulani.

Jambo hili huonekana wazi katika ndege za East African Airways, shirika lililoanza kazi Januari 1946 kwa ndege ndogo za Dragon Rapide, likaendelea kwa DC-3, likanunua Argonaut zilizotumika, kisha likaingia enzi ya jeti mwaka 1960 kwa Comet 4. Kabla ya uhuru ndege za Kenya zilibeba herufi za mwanzo VP-K na zile za Tanganyika VR-T. Baadaye zikawa 5Y kwa Kenya, 5H kwa Tanzania na 5X kwa Uganda, na shirika lilijitahidi kuzigawa ndege zake kati ya nchi zote tatu. DC-3 haikumsumbua mpaka rangi, maana ilikuwamo tayari katika toleo la Microsoft la mwaka 2003, ikingojea tu kuvishwa rangi.

Super VC10 ni habari nyingine, na hapa ndipo ubora wa kazi unapopimika. Kati ya mwaka 1966 na 1970 East African ilipokea ndege tano za aina hiyo, zenye urefu wa mita 52 hivi na injini nne zilizofungwa mkiani, ambazo zilitengenezwa kwa toleo namba 1154, lenye mlango mkubwa wa mizigo upande wa kushoto mbele ya bawa. Super VC10 za shirika la Uingereza, BOAC, ambazo ndizo zilizopigwa picha nyingi na kuchorwa na wengi, hazikuwa na mlango huo. Anayechukua modeli ya BOAC na kuivika rangi za East African anapata ndege nzuri ya kutazama ambayo haikuwahi kuwapo, na kosa hilo si dogo, kwa kuwa mlango ule unaeleza mahitaji ya shirika lililopaswa kujaza ndege moja kwa abiria na shehena pamoja ili safari ya kwenda Ulaya iweze kulipa. Mstari mwembamba uliochorwa ubavuni, ambao mtazamaji wa kawaida hauoni, unabeba uchumi mzima wa usafiri wa anga wa ukanda huu.

Uchunguzi wa namna hiyohiyo unahitajika kwa Air Tanzania, iliyoanzishwa Machi 1977 baada ya East African kuvunjika. Boeing 737 zake za kwanza zilikuwa za toleo la 737-2R8C, ambapo R8 ni alama ambayo Boeing ililipatia shirika hili kama mteja, na C huonyesha kwamba ndege iliweza kugeuzwa kati ya abiria na mizigo, jambo ambalo tena linaleta mlango mkubwa ubavuni. Twiga wa mkiani anapendwa na kila mpaka rangi, na ni haki apendwe, lakini bila mlango huo twiga amekaa juu ya ndege ya watu wengine. Ndege za karibuni, kama Boeing 787-8 iliyowasili Julai 2018 na Airbus A220-300 iliyoifuata Desemba mwaka huo, hazina ugumu huo, kwa sababu zimepigwa picha za kila upande tangu siku ya kutua.

Ardhi nayo ina historia yake. Miinuko ya Nguru na Uluguru inayoonekana katika simuleta nyingi ilitokana na vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha anga Endeavour mnamo Februari 2000, na kwa kuwa mawimbi ya rada ile hayakupenya misitu minene hadi chini, miteremko yenye miti huko juu ya Turiani imeinuliwa kidogo kuliko udongo wake halisi. Mwenye kuirusha modeli ya Henri Farman juu ya Matamondo, akitaka kuelewa walichokiona marubani wa mwaka 1916, ataikuta milima mahali pake ila mashamba ya miwa yatamdanganya, kwa kuwa picha za setilaiti zinazoipaka ardhi rangi ni za siku hizi.

Kwa Super VC10 ushahidi haujapotea wote. Ndege ya kwanza, 5X-UVA, iliharibika Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972 katika ajali iliyoua watu 43, lakini nne zilizobaki zilirudishwa kwa watengenezaji mwaka 1977 na kuuzwa kwa Jeshi la Anga la Uingereza, ambalo lilizigeuza kuwa ndege za kujaza mafuta angani, na mlango wa mizigo ulioagizwa na East African ndio uliowarahisishia mafundi kuyaingiza matangi ndani ya kiwiliwili. Iliyosajiliwa Tanzania kwa herufi 5H-MMT, ikiwa na namba ya kijeshi ZA147, ndiyo iliyofanya safari ya mwisho kabisa ya VC10 yoyote tarehe 25 Septemba 2013. Siku moja kabla yake 5H-MOG, ambayo ndiyo VC10 ya mwisho kutengenezwa duniani, ilitua katika uwanja wa Dunsfold kusini mwa Uingereza ili ihifadhiwe, na mwundaji wa modeli anayetaka kujua mlango ule ulianzia wapi na kuishia wapi anaweza kwenda kuupima kwa futi.