Jiwe la Pwani na Nyumba ya Bi Harusi

Nyinyi wa Unguja mnaishi na jiwe la matumbawe kila siku. Unaliegemea pale Mji Mkongwe ukimngoja shoga yako, wala hulitazami. Sisi wa Mbezi Luis, kwenye nyumba za bloku, ilibidi tulifuate. Wanawake 14 wa kikoba chetu tulikodi kosta, tukapitia Goba hadi Kunduchi, kisha boti mpaka kisiwa cha Mbudya.

Maji yalikuwa yamekupwa, mwamba uko wazi, mkali kama kikwaruzo cha nazi. Umeliwa chini na mawimbi hata umetokeza kama ukingo wa paa. Ukiinama unaona matumbawe yenyewe na magamba ya kombe yaliyoganda ndani. Hapo palikuwa chini ya bahari zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati maji yalipokuwa juu kuliko leo. Bahari iliposhuka, matumbawe yakabaki juu yakawa jiwe. Subhanallah.

Mwamba huu ndio uliojenga miji ya pwani, kuanzia Kilwa mpaka Lamu. Mafundi walitumia jiwe la aina mbili. Lile gumu la nchi kavu lilikuwa la kuta. Lile laini lilikatwa baharini likiwa bichi, likachongwa kabla halijakauka, likafanywa mihrabu na fremu za milango. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya magogo. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hazikuwa ndefu sana, vyumba vilikuwa vyembamba na virefu.

Tuliporudi bara tulipita magofu ya Kunduchi, kwenye msikiti wa kale na makaburi ya karne ya 18 yaliyo chini ya mibuyu. Nguzo za makaburi zilipambwa kwa sahani na bakuli za Kichina, na nyingi zimeng'olewa zikabaki alama za duara. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo jicho langu lilikwenda kwenye nakshi. Aliyezichonga alijua kupima nafasi kati ya ua na ua, kama unavyopima shanga kwenye kifua cha gauni.

Lakini nililotaka kuwaambia hasa, nyinyi mnaojiandaa na ndoa, ni la Lamu. Kule, kwa familia za waungwana, baba alimjengea binti yake nyumba ya mawe anapoolewa. Kama kiwanja hakikutosha, aliongeza ghorofa juu ya nyumba yake, au akajenga chumba cha kuvuka juu ya kichochoro, ndicho wikio, mama na mtoto wapitiane bila kutoka nje. Mume ndiye aliyehamia kwa mke. Chumba cha ndani kabisa kilikuwa na zidaka zilizochongwa ukutani, zikapangwa vyombo vya kaure. Ndoa ikivunjika, anayefunga mzigo ni mwanamume.

Si kila binti alipata hayo. Maskini walikaa nyumba za udongo na makuti, na mawe mengi yalibebwa na watumwa, wanawake wakiwemo. Tusilisahau hilo tunapopiga picha mbele ya milango mizuri.

Leo jiwe la pwani limebadilika kazi. Hapo karibu na Kunduchi, Wazo Hill, mawe ya chokaa yanasagwa kuwa saruji tangu miaka ya 1960. Na machimbo ya Kunduchi Mtongani wapo mama zetu wanaogonga kokoto kwa nyundo, mtoto pembeni chini ya mwavuli, wauze ndoo kwa ndoo. Wanajenga nyumba za jiji zima.

Nami naona mabibi harusi wakija dukani na bajeti ya ukumbi, kava za viti na gauni tatu za siku moja. Sikatai, ndiyo riziki yangu. Ila Suratun Nisaa imeamrisha mahari tupewe sisi wenyewe, na mtaani wengi huyaona kama fedha ya shughuli, yaishe kwenye pilau.

Mwaka huu nilimshonea binti mmoja wa hapa Mbezi Luis aliyetaja mahari yake kuwa kiwanja. Mashangazi walinuna wiki nzima. Karatasi za mauziano ziliandikwa jina lake kabla ya khutba ya nikaha, na gauni alivaa moja tu.