Orodha Mbili za Tarehe 10 Desemba 1962: Dansi, Ngoma na Nyimbo za Singida

Hotuba aliyoitoa Mwalimu Nyerere tarehe 10 Desemba 1962 inajulikana na wanafunzi wengi wa fasihi kwa kipande kimoja tu, pale anapoeleza kwamba uovu mkubwa kupita yote wa ukoloni ulikuwa ule wa kutufanya tuamini kuwa hatukuwa na utamaduni wetu wenyewe. Kipande hicho kimeingizwa katika insha na mitihani mpaka kimechakaa. Yanayofuata baada yake yanasomwa kwa nadra, na kumbe ndiyo yanayohusu muziki. Katika makala haya tunajaribu kuisoma hotuba hiyo kama tunavyosoma matini nyingine yoyote: nini kimetajwa, nini kimeachwa, na nani anasemeshwa. Tena tunaisoma kutoka Singida, mahali ambapo hapakutajwa.

Kwanza mazingira. Jamhuri ya Tanganyika ilizaliwa tarehe 9 Desemba 1962. Kesho yake Rais mpya akahutubia Bunge, tena kwa Kiswahili, na humo akatangaza wizara mpya ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Singida wakati huo haikuwa mkoa. Ilikuwa wilaya ndani ya Jimbo la Kati, pamoja na Dodoma. Mkoa wenyewe ulianzishwa tarehe 15 Oktoba 1963. Kwa hiyo wizara ya utamaduni imeuzidi umri Mkoa wa Singida kwa miezi kumi hivi. Hili ni jambo dogo, lakini si baya kulikumbuka.

Sasa tuje kwenye orodha. Mwalimu anauliza: wengi wetu tumejifunza kucheza rumba, chachacha, rock'n'roll, twist, hata waltz na foxtrot, ni wangapi wanaoweza kucheza, au hata waliopata kuzisikia, gombe sugu, mangala, nyang'umumi, kiduo na lelemama? Halafu anahamia kwenye ala. Upande mmoja anaweka gitaa na piano, upande wa pili ngoma, nanga, zeze, marimba na nyingine. Shuleni, anasema, tulifundishwa nyimbo za Wazungu, lakini nani alifundishwa za Wanyamwezi au za Wahehe?

Kifani, hii ni takriri iliyopangwa kwa ufundi mkubwa. Msikilizaji anabanwa kwa maswali mfululizo mpaka aone haya. Lakini hebu tumwangalie huyo anayeona haya ni nani. Ni "sisi" tuliokwenda shule. Mama wa Ilongero au Kiomboi mwaka 1962, ukimwuliza kama amepata kusikia ngoma za kwao, angekucheka tu. Aibu inayochochewa na hotuba ni aibu ya msomi, na dawa inayopendekezwa, yaani wizara, ni dawa ya msomi pia. Mwenye nyimbo hakuulizwa chochote.

Msomaji atauliza: kwani kuna ubaya gani? Orodha si ndiyo zilivyo, moja ya kigeni na nyingine ya kwetu? Hapo ndipo pana kazi. Orodha hizi zinavuja, zote mbili.

Tuanze na ile ya kigeni. Rumba imetiwa kapu moja na waltz, kana kwamba zote zilishuka meli moja na gavana. Kumbe Dar es Salaam Jazz Band ilikuwapo tangu 1932. Tabora walikuwa na Kiko Kids tangu miaka ya 1940. Morogoro kulikuwa na Morogoro Jazz, na tangu mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya 1940 kijana Salum Abdallah alikuwa na kikundi chake kilichokuja kujulikana kwa jina la Cuban Marimba. Litazame jina hilo vizuri. Neno la kwanza liko katika orodha ya kigeni, la pili limo katika orodha ya kwetu, na bwana huyu ameyaunganisha bila kumwomba mtu ruhusa. Santuri za Kuba zilizoenea Afrika kuanzia miaka ya 1930 zilikuwa zimebeba midundo ya wajukuu wa Waafrika waliouzwa utumwani. Zilipofika huku watu waliitambua sauti, wakaitungia maneno ya Kiswahili, na mwaka 1962 walikuwa na miaka mingi wakiimba humo mapenzi, misiba na uhuru wenyewe. Leo rumba ya Kuba (2016) na ile ya Kongo zote mbili (2021) zimo katika urithi wa dunia unaotambuliwa na UNESCO, ila hilo lisitufanye tumhukumu mtu wa 1962.

Orodha ya pili nayo si safi kama inavyodhaniwa. Lelemama ni ngoma ya wanawake wa mijini ya pwani, ya vyama vilivyoshindana kwa mavazi na kwa mafumbo ya Kiswahili. Ilikuwa fasheni ya mjini, sawasawa na dansi. Na mganda, ambao Mwalimu anautaja mbele kidogo kama mfano wa mchezo unaomsisimua Mwafrika kuliko dansi, ni mtoto wa beni! Mwanahistoria Terence Ranger, aliyepata kufundisha Chuo Kikuu hapa Dar es Salaam, alionyesha katika kitabu chake cha 1975 jinsi beni ilivyoiga bendi na kwata za majeshi ya kikoloni, kisha ikasambaa bara na kuzaa michezo mingine, mganda ukiwemo. Yaani kilichoigwa zamani kidogo kiliitwa mila, na kilichoigwa juzi kikaitwa kasumba. Tofauti ni umri tu.

Haki itendeke: katika hotuba hiyohiyo Mwalimu anaonya kwamba kufufua utamaduni wetu si kukataa wa wengine, na kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa wageni ni la wendawazimu. Kwa bahati mbaya watendaji waliondoka na orodha, onyo wakaliacha mezani. Novemba 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku katika majumba ya dansi ya Dar es Salaam. Wakati huohuo dola na vyombo vyake vilikuwa vinamiliki bendi za dansi: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi tangu 1964, kisha za polisi, za jeshi. Azimio la Arusha la 1967 liliimbwa kwa magitaa na midundo ileile ya orodha mbovu. Kinadharia dansi ilikuwa na mashaka, kivitendo ilikuwa mtumishi wa umma.

Na Singida je? Ukizifuata bendi kongwe za bara utaona zinaifuata reli: Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, Tabora. Reli ya Kati inapita Manyoni na Itigi, kusini ya mkoa; Singida mjini iko mbali kaskazini. Kwa hiyo dansi ilifika huku zaidi kwa santuri na kwa redio, nayo redio ilisema Kiswahili. Hatulalamikii Kiswahili, maana hata makala haya yameandikwa nacho. Tunachosema ni kwamba utamaduni wa taifa ulipotafutiwa chombo cha kuusambaza, kilipatikana chombo kisichopitisha Kinyaturu, wala Kinyiramba, wala Kinyisanzu, sembuse Kihadzabe. Orodha ya pili ilizisifu nyimbo za makabila, lakini wimbo uliotaka kutoka kijijini kwake ulipaswa kuvua lugha yake mlangoni. Ngoma ikaonekana jukwaani, maneno yakabaki Ilongero.

Mfano mzuri unatoka kanisani, na ndio uliotufanya tuanze kuandika. Howard Olson, mmisionari wa Kilutheri kutoka Marekani, aliishi kati ya Wanyaturu na mwaka 1964 akamaliza tasnifu juu ya sauti na maumbo ya Kirimi, yaani Kinyaturu. Kisha akafundisha Makumira, karibu na Arusha, na mwaka 1968 kikatoka kitabu cha nyimbo Tumshangilie Mungu, chenye maneno ya Kikristo ya Kiswahili juu ya tuni za kienyeji. Kwa kipimo cha hotuba hii ni ushindi: hatimaye Waafrika wanaimba tuni zao. Lakini Kirimi ni lugha ya toni. Neno likipanda na kushuka vingine, maana hubadilika, kwa hiyo tuni ya wimbo wa lugha ya namna hiyo haipandi ovyo. Inasikilizana na maneno. Kiswahili hakina toni. Ukiivika tuni hiyo maneno ya Kiswahili, mapando na mashuko yanabaki lakini sababu yake imeondoka. Ni kama nyumba ambayo ngazi zimebaki na ghorofa haipo. Mtu anaimba vizuri kabisa, anapiga makofi, wala hajui kwamba sauti ilishuka pale kwa sababu ya neno ambalo halimo tena.

Wapo watakaosema eti hiyo ndiyo hatima ya fasihi simulizi yote, hubadilika au hufa. Ni kweli hubadilika. Lakini mganda ulibadilishwa na wachezaji wenyewe, na rumba ilibadilishwa na kina Salum Abdallah, kwa matakwa yao na kwa lugha waliyoichagua. Mabadiliko ya aina hiyo yana mwenyewe. Wimbo wa Kinyaturu uliobaki tuni tupu, nani aliubadilisha?

Maandishi yapo kidogo. Marguerite Jellicoe, aliyefanya kazi Singida miaka ya 1960, alichapisha mwaka 1967 makala juu ya ibada ya jua ya Wanyaturu katika jarida la Transition, lililokuwa likitolewa Kampala, na mwaka 1978 kikatoka Nairobi kitabu chake juu ya mabadiliko ya maisha ya Wahi, tawi mojawapo la Wanyaturu. Yote hayo ni kwa Kiingereza. Kijana wa Ikungi anayetaka kujua wazee wake waliliambia nini jua inabidi kwanza afaulu kidato cha nne, kisha atafute maktaba itakayomruhusu kuingia.