Mjumbe Hakatwi Vipande: Kisa cha Mgawo wa Viti Marekani

Katiba ya Marekani iliamuru kwamba viti vya Baraza la Wawakilishi vigawiwe majimbo kwa kadiri ya idadi ya watu wao, nayo ikanyamaza juu ya namna ya kuufanya mgawo huo. Na kimya hicho kikazaa husuma ya vizazi na vizazi, kwa kuwa mjumbe hakatwi vipande, ilhali hesabu ya haki aghalabu huacha masalio.

Baada ya sensa ya 1790, wabunge walipitisha mswada uliofuata rai ya Alexander Hamilton, ya kuwa kila jimbo lipewe kwanza viti vizima vya fungu lake, kisha vitakavyobaki viyaendee majimbo yenye masalio makubwa zaidi. Thomas Jefferson aliupinga, na Rais George Washington akaukataa tarehe 5 Aprili 1792, ikawa ndiyo mara ya kwanza kwa rais wa nchi ile kuurudisha mswada. Ikashika kanuni ya Jefferson: idadi ya kila jimbo igawanywe kwa 33,000, na masalio yote yatupwe. Delaware, yenye watu 55,540 katika hesabu hiyo, ikaambulia mjumbe mmoja tu. Virginia, kwao Jefferson na Washington, ikapata 19. Kanuni hiyo huwapendelea wakubwa, nami siamini kwamba mtu mwenye akili kama Jefferson hakuliona hilo. Wala tusisahau kwamba katika idadi hizo watumwa watano walihesabiwa kuwa watu watatu, dhuluma ambayo hakuna kanuni ya masalio iliyoweza kuiponya.

Njia ya Hamilton ilirudi kwa sheria ya 1850, hata mwaka 1881 C. W. Seaton, karani mkuu wa ofisi ya sensa, alipokuwa akipiga hesabu za mabaraza ya viti 275 hadi 350, akakuta ajabu: Baraza likiwa na viti 299, Alabama hupata 8, likiongezwa kiti kimoja, Alabama hushuka hadi 7. Hapakuwa na kosa la kalamu. Katika viti 299 fungu la Alabama lilikuwa 7.646, na la Texas 9.640, na la Illinois 18.640, hivyo Alabama ikajinyakulia kiti cha mwisho cha masalio. Katika viti 300 mafungu yakawa 7.671, 9.672 na 18.702, kwa kuwa fungu la jimbo kubwa hukua kwa hatua kubwa, na majimbo yale mawili yakaipita Alabama.

Mwaka 1941 ikawekwa sheria ya kanuni nyingine, ya mwanahisabati Edward Huntington, nayo ikaipa Arkansas kiti ambacho kwa kanuni ya kale ya Daniel Webster kingekuwa cha Michigan. Baadaye wanahisabati Michel Balinski na Peyton Young wakathibitisha kwamba hakuna kanuni iwezayo daima kuliweka kila jimbo ndani ya fungu lake halali, na papo hapo ikalinda jimbo linalokua lisipokonywe kiti na linalopungua. Wao wenyewe, katika kitabu chao cha 1982, waliichagua ya Webster, kwa kuwa haielemei upande wa wakubwa wala wa wadogo. Marekani ingali ikiifuata sheria ya 1941.