Njoo Kesho

Kofia ya babu niliipeleka kwa dobi mmoja Kariakoo siku tatu kabla ya Idi. Ni kofia nyeupe ya kushonwa kwa mkono, yenye matundu madogo madogo ambayo bibi aliyazungushia uzi moja baada ya jingine, miezi kadhaa, enzi za uchumba wao. Babu hayupo tena. Bibi naye siku hizi haoni hata tundu la sindano. Basi Idi ikapita. "Mwanangu, njoo Jumatatu." Jumatatu nikaambiwa kofia iko kwa kijana wake wa kupiga pasi, na kijana yuko Mbagala. Njoo kesho.

Kesho ya nne sikurudi nyumbani. Nilitembea kwa miguu hadi Posta, nikashika Barabara ya Samora mpaka Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, nikakaa kivulini. Pale wanajua kusubiri.

Mwaka 1984 wezi walivunja wakaingia humo ndani, wakaondoka na vitu kadhaa, kimojawapo kinyago cha Kimakonde. Tafadhali usifikirie vile vya mpingo tunavyowauzia watalii Mwenge. Hiki ni lipiko, cha mti mwepesi, kinavaliwa kichwani kama kofia inayoshuka mpaka usoni. Mchezaji akiingia nacho uwanjani kwenye sherehe za jando, mtoto haoni jirani yake aliyevaa mti. Anaona mzimu.

Mwaka uliofuata, 1985, kinyago kikanunuliwa na jumba la makumbusho la Barbier-Mueller, Geneva. Mwaka 1990 Profesa Enrico Castelli akawajulisha wenye jumba lile kwamba mali waliyonayo imeibwa Dar es Salaam.

Hapa ndipo mimi huishiwa uvumilivu. Ukipotelewa na kitu, siku moja unakata tamaa unalala. Ukishajua kilipo, rafu gani na mji gani, hulali. Kuanzia 1990 hadi kinyago kukabidhiwa ni miaka 20! Mkataba wa UNESCO wa 1970 dhidi ya biashara ya mali za urithi zilizoibwa, Tanzania tulijiunga nao 1977. Uswisi ikaja kujiunga 2003, wakati kinyago kilishanunuliwa miaka 18 nyuma, na mkataba wenyewe haurudi nyuma. Kisheria mikono ilikuwa mitupu, yakabaki mazungumzo. Mwaka 2006 Tanzania ikalifikisha suala hilo kwenye kamati ya UNESCO inayoshughulikia urejeshaji, na Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, likasaidia kusuluhisha. Tarehe 10 Mei 2010, jijini Paris, hati ikatiwa saini.

Hati ya nini? Ya zawadi. Jumba la Geneva liliizawadia Tanzania kinyago cha Tanzania.

Nilipolisoma neno hilo mara ya kwanza nilikasirika. Siku ile kivulini nikalitazama upya. Zawadi haimlazimishi mtu kukiri kosa, wala haimwagizi mnunuzi aseme alikuwa anajua au hajui. Bila neno hilo huenda tungekuwa tunaandikiana barua mpaka leo. Nikajiuliza, aisee, dobi akinitolea kofia ya babu na kuniambia, "Chukua mwanangu, nimekupa zawadi," ningefanyaje? Ningesema asante sana mzee. Ningeipokea kwa mikono miwili na kuondoka haraka kabla hajabadili mawazo.

Alasiri nikarudi Kariakoo. "Shikamoo mzee." "Marahaba," akaitikia bila kuniangalia, tayari anapekua lundo la nguo. Akatoa kofia tatu nyeupe, safi, zimepigwa pasi vizuri. "Yako si hii?" Nikazigeuza moja moja, nikapapasa matundu kwa kidole. Zote za cherehani.

Jioni bibi akapiga simu. "Mjukuu wangu, imerudi?"

Nikamwambia kesho.