Watafiti wa vyuo vikuu na kazi ya kuondoa kaboni katika meli

Kuondoa kaboni katika usafiri wa meli ni jumla ya kazi za kisayansi, kihandisi na kisheria zinazolenga kufikisha kwenye sifuri gesi joto zinazotokana na nishati ya vyombo vya baharini. Dhana hii hutofautishwa na mbili zinazopakana nayo. Kusafisha hewa ya bandarini ni jambo jingine: kanuni ya Januari 2020, iliyoshusha kiwango cha salfa katika mafuta ya meli hadi asilimia 0.50, ilipunguza moshi wenye sumu, wala haikugusa kaboni. Kupunguza ukali wa kaboni, yaani uzito wa hewa ukaa kwa kila tani ya shehena inayosafirishwa maili moja, nako si sawa na kupunguza jumla. Meli zinaweza kuzidi kuwa na ufanisi mwaka hadi mwaka, na bado jumla ikapanda kwa kuwa shehena imeongezeka.

Watafiti wa vyuo vikuu wanaoshughulikia jambo hili hugawanyika kwa kile wanachokishika: hesabu, umbo la meli, mwendo, upepo, nishati na sera. Mgawanyo huu ni wa kazi, si wa majengo. University College London ina sifa zaidi katika hesabu na sera. Southampton na Delft katika umbo. Chalmers ya Gothenburg katika nishati. Tokyo na KTH ya Stockholm katika upepo. Hata hivyo, mtafiti mmoja huweza kuonekana katika makundi mawili au matatu.

Wapimaji, yaani kundi la hesabu, hawapigwi picha sana, lakini makundi mengine yote husimama juu ya tarakimu zao. Hesabu yao ina njia mbili. Hesabu ya mauzo hujumlisha mafuta yaliyouzwa kwa meli katika bandari za dunia na kuyazidisha kwa kizio maalumu: tani moja ya mafuta mazito ikiungua hutoa tani 3.114 za hewa ukaa, kwa sababu kila chembe ya kaboni hushikamana na oksijeni ambayo haikuwamo tangini. Hesabu ya mwenendo huanzia kwenye meli moja moja. Mfumo wa utambulisho hutangaza kwa redio jina la meli, mahali ilipo na kasi yake; setilaiti huzinasa ishara hizo; watafiti huzioanisha na nguvu ya injini na kina cha meli majini, wakapata makadirio ya mafuta yaliyoungua saa kwa saa. Uchunguzi wa Tatu wa Gesi Joto wa Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, uliotolewa mwaka 2014 chini ya uongozi wa University College London, uliitumia njia hii ya pili kwa upana mkubwa. Uchunguzi wa Nne, wa mwaka 2020, ulioshirikisha pia watafiti wa vyuo vikuu vya Dalian na Fudan nchini China, ulikadiria kwamba meli zote za dunia zilitoa tani milioni 1,056 za hewa ukaa mwaka 2018, sawa na asilimia 2.89 ya hewa ukaa iliyotokana na shughuli za binadamu.

Ndani ya tarakimu hiyo umo ubishi wa tafsiri ambao ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Usafiri wa kimataifa huweza kutambuliwa kwa aina ya chombo au kwa safari. Kwa njia ya kwanza, meli kubwa ya makontena huhesabiwa kuwa ya kimataifa popote iendapo. Kwa njia ya pili, kinachotazamwa ni bandari mbili: Mombasa hadi Dar es Salaam ni safari ya kimataifa, Mombasa hadi Lamu ni safari ya ndani, hata kama chombo ni kile kile. Kwa mwaka 2018 njia ya aina ya chombo ilitoa tani milioni 919, na njia ya safari ikatoa milioni 740. Tofauti hiyo ya tani milioni 179 haikuongeza wala kupunguza moshi hata kidogo. Ilibadilisha mwenye dhamana tu, kwa kuwa safari za kimataifa zimo mikononi mwa IMO tangu Itifaki ya Kyoto ya 1997, na safari za ndani zimo katika hesabu za kila taifa.

Kundi la umbo ndilo kongwe. Mwaka 1872 Mwingereza William Froude alikamilisha tangi la majaribio karibu na Torquay, akavuta humo vielelezo vidogo vya meli na kutafuta kanuni ya kukisia ukinzani wa meli kamili. Matangi ya vyuo vya leo ni warithi wa lile. Ukinzani hugawanywa katika sehemu kuu mbili: ukinzani wa mawimbi, unaotegemea sana umbo na kasi, na ukinzani wa msuguano, unaotegemea eneo na ulaini wa ngozi ya meli iliyo chini ya maji. Huo wa pili huongezeka pale mwani na viumbe wenye magamba wanapojigandisha. Mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki waliujua tangu zamani, ndiyo maana jahazi lilipandishwa ufukoni, likakwanguliwa na kupakwa deheni, ule mchanganyiko wa shahamu na chokaa. Utafiti wa sasa unahusu rangi za silikoni zinazowafanya viumbe hao wateleze, tabaka la viputo vya hewa linalopulizwa chini ya meli, na umbo la rafadha. Faida zake ni za hakika, ila ni za asilimia chache chache. Hakuna mhandisi makini anayedai kwamba umbo peke yake litafika sifuri.

Mwendo unahitaji maelezo mafupi. Nguvu inayohitajika kuisukuma meli hupanda, kwa makadirio, kama kipeo cha tatu cha kasi. Kasi ikipungua kwa asilimia 10, nguvu hupungua kwa takribani asilimia 27. Na kwa kuwa safari imerefuka, mafuta ya safari nzima hupungua kwa takribani asilimia 19. Kwa hesabu hiyo, meli inayokimbia ili iende kutia nanga nje ya bandari na kungoja gati huchoma mafuta bure. Kinachochunguzwa ni kwa nini inakimbia, na jibu hupatikana zaidi katika mikataba kuliko katika injini: mikataba mingi humtaka nahodha aende kwa kasi inayostahili, na bandari nyingi humhudumia kwanza aliyetangulia kufika.

Upepo ni tawi lililofufuka. Vifaa vyake vikuu ni vya aina nne. Silinda zinazozunguka hutumia kani aliyoichunguza Heinrich Gustav Magnus mwaka 1852: upepo ukiipita silinda inayozunguka, upande mmoja hupata kasi zaidi ya mwingine, na tofauti ya kanieneo husukuma silinda pembeni. Anton Flettner aliziweka silinda mbili juu ya meli Buckau mwaka 1924. Mabawa ya kufyonza hewa yalibuniwa na timu ya Jacques Cousteau pamoja na profesa Lucien Malavard, yakafungwa kwenye chombo Alcyone mwaka 1985. Aina ya tatu ni tiara zinazorushwa mbele ya omo. Ya nne ni matanga magumu, ambayo kwa sura ni mabawa ya ndege yaliyosimamishwa wima. Chuo Kikuu cha Tokyo kilianza mradi wa tanga gumu linalojikunja mwaka 2009. Tanga la kwanza la biashara lilisafiri Oktoba 2022 juu ya meli Shofu Maru. Meli hiyo hubeba makaa ya mawe. Kejeli hiyo si ya meli moja: zaidi ya theluthi moja ya uzito wa shehena ya baharini duniani ni makaa, mafuta na gesi, kwa hiyo dunia ikiacha kuvichoma, sehemu kubwa ya safari zenyewe itatoweka.

Thamani ya upepo haipimwi kwa kifaa bali kwa kifaa pamoja na njia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014, walilinganisha njia tano za biashara na kupata kwamba silinda moja ya Flettner huchangia wastani wa kilowati 193 hadi 373 kutegemea njia, na tiara moja kilowati 127 hadi 461. Kwa meli ndogo ya shehena hicho ni kiasi kikubwa. Kwa meli kubwa ya makontena ni kidogo sana, tena sitaha yake imejaa makontena na haina pa kusimika milingoti. Kusi na kaskazi, zinazojulikana kwa majira yake, zinakisika kwa urahisi kuliko pepo nyingi, na programu za kuchagua njia hustawi palipo na pepo za namna hiyo.

Nishati ndiyo sehemu nzito kuliko zote, na tofauti inayopaswa kushikwa kwanza ni ile kati ya hesabu ya bombani na hesabu ya chanzo. Hesabu ya bombani hutazama kinachotoka kwenye meli tu. Hesabu ya chanzo huanzia mahali nishati ilipochimbwa au kutengenezwa. Gesi asilia iliyogeuzwa kimiminika kwa baridi ya nyuzi 162 chini ya sifuri hutoa tani 2.75 za hewa ukaa kwa tani moja, na bombani huonekana bora kuliko mafuta mazito. Lakini methani isiyoungua hupenya injini ikatoka angani, na methani hupasha joto mara nyingi zaidi ya hewa ukaa, hivyo katika baadhi ya injini faida yote huliwa. Methanoli ni kimiminika katika joto la kawaida, na tayari inatumika: kivuko Stena Germanica kati ya Gothenburg na Kiel kilibadilishwa kuitumia mwaka 2015, na meli ya makontena Laura Maersk ikafuata mwaka 2023. Methanoli itokanayo na gesi asilia hupunguza hewa ukaa ya bombani kwa takribani moja ya kumi tu kwa kila kizio cha nishati. Usafi wake hutegemea kaboni yake imetoka wapi. Amonia, ambayo leo hutengenezwa zaidi kwa ajili ya mbolea, haina kaboni kabisa, ila ni sumu, na ikiungua vibaya hutoa oksidi ya nitrasi, gesi joto yenye nguvu takribani mara 273 ya hewa ukaa. Haidrojeni huhitaji nyuzi 253 chini ya sifuri na tangi kubwa, nayo inafaa zaidi vivuko vya masafa mafupi, kama Hydra ya Norwei iliyoanza kuitumia mwaka 2023. Betri nazo ni za masafa mafupi zaidi.

Meli iliyofunga gati huhitaji umeme wa taa, pampu na majokofu ya makontena, na kwa kawaida huwasha jenereta zake. Kuiunganisha na umeme wa nchi kavu kuna maana pale tu gridi yenyewe ni safi. Kenya, ambayo sehemu kubwa ya umeme wake hutoka kwenye jotoardhi, maji na upepo, iko katika nafasi nzuri. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta ndicho mwenyeji wa kituo cha Afrika cha ushirikiano wa teknolojia ya bahari, kimojawapo cha vituo vitano vya mtandao uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na kutekelezwa na IMO. Kazi zake za awali zilihusu mambo mawili: ukusanyaji wa takwimu za mafuta ya meli, na ufanisi wa nishati bandarini.

Watafiti wa sera huchunguza kwa nini teknolojia inayojilipa hainunuliwi. Sababu moja inayorudiwa ni mgawanyiko wa maslahi: katika ukodishaji wa muda, mwenye meli hulipia kifaa, na mkodishaji ndiye hulipia mafuta, basi anayetoa fedha siye anayeokoa. Pia huandaa hoja za wajumbe wa IMO. Mkakati wa Julai 2023 uliweka lengo la sifuri halisi ifikapo au karibu na mwaka 2050. Mfumo wa kuutekeleza, wenye bei ya kaboni, uliidhinishwa Aprili 2025, lakini kikao cha kuupitisha kiliahirishwa kwa mwaka mmoja Oktoba mwaka huo huo.

Masalia ya uainishaji ni mawili. Nyuklia ilikwisha kujaribiwa katika meli ya abiria na shehena Savannah ya Marekani, iliyoshushwa majini mwaka 1959, na inaendelea katika meli za Urusi za kuvunja barafu. Kikwazo chake ni bima na ruhusa za bandari zaidi kuliko fizikia. Kunasa hewa ukaa ndani ya meli yenyewe ni la pili. Mafuta mazito yakitoa zaidi ya mara tatu ya uzito wake, meli itakayoinasa yote itafika bandarini na mzigo mzito kuliko mafuta iliyoondoka nayo, na bandari zenye vifaa vya kuupokea ni chache mno.