Rangi iliyofuata mto, kisha ikaingia ndani ya seli

Wiki jana nilikesha nikisaka hitilafu katika programu ya mteja. Kama ilivyo ada yetu waandishi wa programu, nilipachika maneno "niko hapa" kila mahali kwenye kodi ili nione data inapitia wapi. Yalichapwa, lakini katikati ya maelfu ya mistari inayofanana nayo sikuona kitu. Nikakumbuka kisa cha Coons.

Tuanze na rangi yenyewe. Mwaka wa 1871 mwanakemia Mjerumani Adolf von Baeyer alitengeneza fluoreseini. Ukiimulika, hata ikiwa kidogo sana, hurudisha mwanga wa kijani. Huko Ujerumani, sehemu ya maji ya mto Danube hupotelea ardhini, na watu walibishana yanakwenda wapi. Mwaka wa 1877 rangi hiyo ilimwagwa mtoni. Baada ya saa kama 60, chemchemi ya Aach, iliyo kilomita 12 hivi kutoka hapo, ikatoa maji ya kijani. Ubishi ukaisha.

Daktari Albert Coons wa Chuo Kikuu cha Harvard alitaka kufanya vivyo hivyo ndani ya mwili. Kingamwili hunata kwenye kijidudu chake tu. Je, ukiifunga rangi, si itakuonyesha kijidudu kilipo? Mwaka wa 1941 yeye na wenzake walijaribu rangi ya buluu. Ilinata vizuri, ila nyama ya mwili nayo hung'aa buluu ikimulikwa! Hujui ipi ni alama, ipi ni nyama. Mwaka wa 1942 wakageukia fluoreseini, na bakteria wa nimonia wakaonekana kijani kwenye tishu za panya.

Tangu 1958 mbinu hii hutumika kupima kichaa cha mbwa kwenye ubongo wa mnyama, na majibu huweza kupatikana siku hiyo hiyo. Ugonjwa huu bado unaua hapa Kenya, na dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Aliyeumwa huanza sindano mara moja; majibu humsaidia daktari kuamua kama ataendelea nazo.

Basi funzo ni hili: alama kunata hakutoshi, lazima itofautiane na mazingira yake. Nilibadilisha "niko hapa" ikawa "@@@@". Hitilafu nikaikamata kabla chai haijapoa.