Nani aliua kadi ya grafiki?

Wadau, kila mcheza gemu wa kompyuta anaijua hali hii. Uko katikati ya mechi, picha inaganda, sauti inajirudia kama santuri iliyokwama, halafu skrini inakuwa nyeusi au ya bluu. Ukiuliza, majibu ni yale yale miaka nenda rudi: futa vumbi, badilisha draiva, nunua pawa saplai ya maana. Yaani kosa ni lako. Ushauri huo si mbaya, na mara nyingi unasaidia kweli. Lakini ukiipitia historia ya tatizo lenyewe unakuta kwamba mwenye mali huhukumiwa kwanza, na ushahidi huja baadaye, wakati mwingine baada ya miaka.

Wazee wa Windows XP (ndiyo, mfumo wa 2001, tushazeeka) wanalikumbuka faili la nv4_disp. Jina hilo lilikuwa likitokea kwenye skrini ya bluu pamoja na maelezo kwamba draiva imekwama kwenye mzunguko usio na mwisho. Watu wakafuta draiva, wakaweka nyingine, wakafuta tena. Shida ni kwamba jina lile lilimtaja aliyekutwa na maiti tu. Aliyeua angeweza kuwa umeme hafifu, joto, kumbukumbu mbovu au draiva yenyewe, na kwa jinsi XP ilivyojengwa, draiva ya kadi ikikwama kompyuta nzima ilikwenda nayo.

Windows Vista ilipoingia madukani Januari 2007 ilileta dawa: mfumo unaisubiri kadi sekunde 2, isipojibu unaiwasha upya na kazi inaendelea. Ule ujumbe kwamba draiva iliacha kujibu na sasa imerejea ndipo ulipozaliwa. Wazo zuri, ila draiva za Vista zilikuwa bado mbichi. Tulijua zilikuwa mbichi kiasi gani kwa sababu ya mahakama. Wateja waliishtaki Microsoft huko Seattle juu ya kompyuta zilizobandikwa nembo ya kuiweza Vista, na nyaraka zilizotolewa mwaka 2008 zikaonyesha hesabu za ndani. Katika ajali zilizorekodiwa mwaka 2007, draiva za Nvidia zilibeba asilimia 28.8, za Microsoft yenyewe 17.9, za ATI 9.3. Tuwe waungwana: Nvidia walikuwa na kadi nyingi mno sokoni, kwa hiyo hesabu kubwa haishangazi sana. Lakini ina maana kwamba mamia ya maelfu ya ajali hazikuwa na uhusiano wowote na vumbi la chumbani kwako.

Kisha ikaja zamu ya chuma chenyewe. Julai 2007 Microsoft waliongeza udhamini wa Xbox 360 hadi miaka 3 na kutenga zaidi ya dola bilioni 1, baada ya mashine kufa kwa wingi zikionyesha taa nyekundu. Mitaani jibu lilikuwa moja: ni lehemu isiyo na risasi, kwa sababu Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku risasi kwenye vifaa vya umeme kuanzia 1 Julai 2006. Hadithi tamu, lakini mwaka 2021 Microsoft wenyewe walieleza kuwa viungio vya ndani ya chipu ndivyo vilivyokatika, kwa kuwashwa na kuzimwa, kupata moto na kupoa.

Ugonjwa wa jamii hiyo hiyo uliwapata Nvidia. Tarehe 2 Julai 2008 walitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa zikifa. Chipu hukaa juu ya kibao kidogo, ikishikwa na vitone vya lehemu visivyoonekana kwa macho, na katikati humiminwa gundi. Ikipata moto, chipu na kibao havitanuki sawasawa. Gundi ikilegea kwenye joto la kazi, mzigo wote unahamia kwenye vitone, navyo vinapasuka taratibu. Kwa hiyo unaweza kuwa na laptopu safi kabisa, imetunzwa kama yai, na bado ikafa.

Kilichonivutia kama mwandishi ni yaliyofuata. Dell walitoa marekebisho ya kufanya feni izunguke zaidi, na wakosoaji wakasema huko ni kuahirisha kifo mpaka udhamini uishe. Baadaye kampuni hiyo iliongeza udhamini kwa miezi 12. Apple nao, Oktoba 2008, waliandika wazi kwamba Nvidia waliwahakikishia kuwa kompyuta zao ziko salama, lakini uchunguzi wao wenyewe ukakuta baadhi ya MacBook Pro zenye GeForce 8600M GT zimo kwenye balaa. Suala hilo likaishia mahakamani, na mapatano yakafikiwa mwaka 2010.

Enzi hizo ndipo watu walipoanza kuoka kadi kwenye oveni ya jikoni. Usicheke, zilikuwa zinafufuka! Joto husukuma ufa ukagusana tena kwa siku au wiki kadhaa. Mafundi wetu wanaopuliza chipu kwa hewa moto wanafanya jambo lile lile, na ukweli ni kwamba hilo halitibu. Atakayeinunua laptopu ya namna hiyo kama mtumba ndiye atakayeizika.

Na programu inaweza kuua chuma. Machi 2010 Nvidia waliiondoa draiva namba 196.75 baada ya watu kulalamika kwamba feni haziongezi kasi na kadi zinaungua. Hao walikuwa wametii ule ushauri wa kuweka draiva mpya.

Kesi ya karibuni ndiyo inayonichekesha kwa uchungu. Kuanzia 2023, gemu nyingi za Unreal Engine zilikuwa zikianguka na ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya grafiki imeisha. Kumbe kadi haina neno. Prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zikikosea hesabu, na gemu ikailaumu kadi. Mwaka 2024 Intel walikiri kwamba prosesa hizo zilikuwa zikipelekewa volti kubwa kupita kiasi, wakatoa marekebisho, na Agosti wakaongeza miaka 2 ya udhamini. Marekebisho hayo huja kupitia BIOS mpya, nayo huzuia uharibifu tu. Prosesa iliyokwisha kuumia haiponi, hata ukiibadilishia kadi tatu.